Tiba ya goti isikatike njiani: hospitali na simu ya video zishirikiane

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo linalowagusa watu wengi wa rika langu katika jiji hili, nalo ni matibabu ya goti lenye ugonjwa wa kulika kwa kiungo, ule ambao madaktari huuita ostioathritisi. Ombi langu kwa serikali ya kaunti ya Nairobi ni kwamba hospitali zake ziweke utaratibu rasmi ambao mgonjwa wa goti ataanza kwa kuonana ana kwa ana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kisha aendelee naye kwa simu ya video akiwa nyumbani kwake, na kurejea hospitalini kwa miadi michache iliyopangwa tangu mwanzo. Sisemi kwamba video ichukue nafasi ya hospitali. Nasema kwamba njia hizo mbili zikifungwa pamoja zitamfikisha mgonjwa mwisho wa tiba, na kwamba kila moja ikiachwa peke yake, wengi wetu tunaishia katikati.

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 33, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliipitisha nikiwa nimesimama mbele ya ubao. Nilipostaafu nikiwa na umri wa miaka 60, goti la kulia lilikuwa limeanza kunisumbua, lakini nililihesabu kuwa sehemu ya uzee. Naishi Kayole, ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti, na ngazi ndizo zilizonilazimisha kukubali kwamba mambo yameharibika. Nilianza kupanda kama mtoto mdogo, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukiufuata juu ya kidato kilekile, mkono ukiwa ukutani kwa sababu ngazi zetu hazina vishikio.

Majirani waliniambia kwamba mafuta ya magoti yamekwisha. Msemo huo umeenea sana, na naamini umewadhuru wengi, kwa sababu humfanya mgonjwa alione goti lake kama mashine iliyokauka, ambayo ikizidi kuzungushwa itazidi kusagika, na kwa hiyo dawa yake ni kukaa. Ukweli ni kinyume cha hayo. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu; hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo hulifikia vizuri pale goti linapobebeshwa uzito na kupumzishwa, likakunjwa na kukunjuliwa. Anayekaa tu hulinyima gegedu chakula chake, na wakati huohuo misuli ya paja, ambayo ndiyo nguzo ya goti, husinyaa. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliotolewa mwaka 2022 unataka kila mgonjwa wa aina hii apewe mazoezi ya tiba, na hauziweki dawa za kutuliza maumivu mbele ya mazoezi. Mwongozo huohuo unasema kwamba mtu mwenye umri wa miaka 45 au zaidi, ambaye goti humuuma anapolitumia na halikakamai asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kwa kawaida anaweza kutambuliwa ugonjwa wake bila picha ya eksirei. Mimi nilipigwa eksirei mara tatu, mahali patatu tofauti, kabla mtu yeyote hajaniomba niinuke kutoka kitini bila kujishikilia ili aone goti linafanya nini.

Hatimaye daktari mmoja aliniandikia fiziotherapia mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Hicho ni kiwango cha kawaida cha tiba hii. Hata mpango wa Denmark unaojulikana kama GLA:D, ulioanzishwa mwaka 2013 na kuigwa katika nchi kadhaa, una vipindi 12 vya mazoezi vinavyosimamiwa na mtaalamu katika wiki sita, pamoja na vipindi viwili vya kumfundisha mgonjwa kuhusu ugonjwa wake. Hospitali niliyopelekwa ilikuwa upande wa pili wa jiji. Kutoka Kayole nilikuwa nikipanda matatu hadi katikati ya mji, nikitembea kutoka kituo kimoja hadi kingine huku nikikwepa mikokoteni na pikipiki, kisha nikipanda matatu nyingine. Kidato cha kwanza cha matatu kiko juu, na kwa mtu ambaye goti lake haliwezi kumwinua, kupanda hapo ni kuvutwa mkono na kondakta huku gari likianza kusogea. Kushuka ni kubaya zaidi, maana uzito wote huangukia goti lililokunjwa, na nyuma yako kuna abiria wenye haraka. Magari manne kwa siku, kwenda na kurudi, kwa siku 12 za tiba, ni kupanda na kushuka matatu mara 48 kwa ajili ya ugonjwa ambao huchokozwa hasa na kupanda na kushuka. Siku ya nne nilifika nyumbani goti likiwa limevimba kuliko nilipoondoka asubuhi, na safari ndiyo iliyolivimbisha, si mazoezi. Wiki iliyofuata nilikosa miadi miwili. Niliporudi niliambiwa kwamba jina langu limeondolewa kwenye orodha na kwamba nianze upya kwa daktari. Sikuanza upya. Nilikaa nyumbani miezi minane, na bila shaka katika daftari la hospitali hiyo nimeandikwa kuwa mgonjwa aliyeacha tiba.

Mtu wa pili kunitibu alikuwa mtaalamu kijana katika hospitali nyingine ya umma, na ni kwake nilikojifunza ninayoyaeleza hapa. Siku ya kwanza alinikalisha karibu saa nzima. Alilishika goti kwa viganja vyote viwili na kulilinganisha na lenzake kama lina joto, akabonyeza kuzunguka pia ya goti kuona kama kuna maji, akalikunja mpaka lilipogoma na kupima pembe yake kwa kifaa. Alichunguza nyonga pia, akanieleza kwamba maumivu ya nyonga wakati mwingine husikika gotini, na kwamba wapo watu wanaotibiwa goti kwa miaka ilhali mzizi uko juu. Alinitazama nikitembea ukumbini, nikienda na kurudi. Kisha akaniomba nikae na kuinuka kwenye kiti kwa sekunde 30 bila kutumia mikono, akihesabu. Nilifika mara saba. Haya yote hayawezekani kwenye kioo cha simu, au yakiwezekana huwa nusu nusu, na mtu yeyote anayeniambia kwamba tiba ya goti inaweza kuanza kwa video nitambishia. Joto la kiungo halionekani kwenye picha. Goti lililovimba kwa sababu ya maambukizi na goti lililovimba kwa sababu ya kuchokozwa yanaweza kufanana mbele ya kamera, na la kwanza linahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya miadi ya pili aliniuliza, "Mwalimu, nyumbani una mtu mwenye simu nzuri?" Nilimwambia mjukuu wangu anayo. Tukakubaliana kwamba katika wiki 12 tungeonana hospitalini mara nne tu, wiki ya kwanza, ya pili, ya sita na ya 12, na kwamba wiki zilizobaki angenipigia simu ya video kwa nusu saa. Safari zangu za matatu zikashuka kutoka 48 hadi 16.

Nilidhani kwamba faida ya video ingekuwa kuniondolea safari, basi. Sikutazamia kwamba mtaalamu angeona mambo ambayo hospitalini asingeyaona kamwe. Katika mazungumzo ya kwanza alisema, "Mwalimu, hebu nionyeshe unapopikia." Mjukuu akageuza simu kuelekea jikoni. Nilikuwa nikipikia meko iliyowekwa sakafuni, nimekaa juu ya kigoda ambacho kimo chake hakizidi shibiri moja, kama nilivyozoea tangu nikiwa msichana. Aliniomba nikae na kuinuka hapo mara moja, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nafanya hivyo mara ngapi kwa siku. Sikuwa nimewahi kuhesabu. Tulipohesabu pamoja, kuanzia chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni, tulipata zaidi ya mara 20. Kila moja ilikuwa inalikunja goti hadi mwisho wake na kulitaka linyanyue mwili wote kutoka hapo. Siku hiyohiyo meko ilipandishwa juu ya meza. Beseni la kufulia likawekwa juu ya stuli. Alipouliza kuhusu maji, nilimweleza kwamba mifereji ikikauka hupandisha mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya nne, na hapo alimwita mjukuu mbele ya simu na kuzungumza naye kwa heshima lakini bila kuzunguka; tangu siku hiyo mtungi ni kazi ya mjukuu. Alinionyesha namna ya kupanda ngazi nikitanguliza mguu mzima na kushuka nikitanguliza ule unaouma, na bakora niishike kwa mkono wa upande usiouma, jambo ambalo nilikuwa nimelifanya kinyume kwa mwaka mzima. Haya alinifundisha juu ya ngazi zangu mwenyewe, vidato vyake visivyolingana na kona yake yenye giza, badala ya ngazi tatu za mbao zilizo katika chumba cha mazoezi.

Hospitalini kuna mikanda ya mpira na mizigo ya kufunga miguuni. Nyumbani tulitumia mfuko wa unga wa kilo mbili, ukafungwa kwa leso kwenye kifundo cha mguu, nikakaa kitini na kuunyoosha mguu polepole na kuushusha polepole. Nilifundishwa kipimo cha maumivu cha kuanzia 0 hadi 10, kwamba maumivu yanayofika 5 wakati wa mazoezi yanavumilika iwapo yatakuwa yametulia ifikapo kesho yake, na kwamba yakikataa kutulia basi nipunguze idadi, nisiache. Kwangu mimi maelezo hayo yalikuwa na thamani kuliko dawa yoyote niliyonunua. Mtu anayeogopa kwamba kila uchungu ni mfupa unaosagika hawezi kufanya mazoezi, hata ukimwandikia karatasi nzuri namna gani.

Lakini nisiisifu video kupita kiasi, kwa sababu wiki ya sita ilinifundisha mpaka wake. Nilikwenda hospitalini nikiwa na furaha, nikijua kwamba naweza kuinuka kitini mara 11 kwa sekunde 30. Mtaalamu alisimama mbele yangu, akanitazama mara mbili, akaweka mikono kwenye nyonga zangu na kusema kwamba nimekuwa nikiuhamishia uzito mguu wa kushoto kila ninapoinuka. Kwa mwezi mzima mjukuu alikuwa akiishika simu kutoka ubavuni, na kutoka ubavuni kosa hilo halionekani. Goti la kulia lilikuwa limejificha nyuma ya lenzake. Kama nisingerudi hospitalini, ningeendelea kuujenga mguu mzima na kuuacha mgonjwa. Tulianza upya kwa mara sita za kweli, na mwisho wa wiki ya 12 nilifika 12 zilizo sawa. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba miadi ya kurudi ipangwe mapema na iwe sehemu ya tiba, isingoje mpaka mgonjwa alalamike. Mimi sikuwa na la kulalamikia. Nilidhani nafanya vizuri.

Sijajitungia wazo hili kutokana na goti langu peke yake. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Australia uliowagawa kwa bahati nasibu watu 394 wenye maumivu sugu ya goti yanayolingana na ugonjwa huu. Kundi moja lilionana na wataalamu wa fiziotherapia ana kwa ana na la pili kwa video, kila mtu akipewa miadi mitano katika miezi mitatu. Miezi hiyo ilipokwisha, waliotibiwa kwa video hawakuwa wamezidiwa na wenzao, si katika kupungua kwa maumivu wala katika uwezo wa kufanya shughuli zao. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 2017, jarida la Annals of Internal Medicine lilikuwa limechapisha utafiti mwingine wa Australia wa watu 148 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ambamo waliopata vipindi saba vya Skype na mtaalamu, pamoja na mafunzo ya kukabiliana na maumivu kupitia intaneti, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa maelezo ya kusoma tu. Ni haki niseme kwamba utafiti wa 2024 ulizilinganisha njia mbili, haukuzichanganya. Kuzichanganya ni pendekezo langu kwa Nairobi, na nalitoa kwa sababu hapa kila njia ina mwanya ambao nyingine inaweza kuuziba: hospitali iko mbali na wengi wetu, na nyumbani hakuna mikono ya mtaalamu.

Ukubwa wa tatizo unatosha kuifanya kaunti isikilize. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa viungo, milioni 365 kati yao wakiwa nao gotini, na kwamba asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake. Nikitazama mlango kwa mlango katika jengo letu, naona sura za hesabu hiyo. Wengi ni kina mama waliobeba, waliofua, waliokaa juu ya vigoda na kusimama vibandani maisha yao yote, na uzito wa mwili umeongezeka goti lilipowazuia kutembea. Uzito wenyewe una hesabu yake: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja anayoipunguza mtu mzito hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Habari hiyo nilielezwa na mtaalamu kwa njia ya video, nikiwa nimekaa mezani mbele ya sahani yangu.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na baadhi ni za haki. Si kila mzee ana simu yenye kamera. Wengine wana zile ndogo za kubonyeza, na hawana mjukuu wa kuwashikia nyingine. Kwa hao naona msaada ulio karibu. Mwezi Septemba mwaka 2023 serikali ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, ambao wana simu za kazi na hutembelea nyumba zetu. Mhamasishaji anaweza kuleta simu siku ya miadi na, lililo muhimu zaidi, kusimama kando ya mgonjwa anapofanya zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, ili asianguke mtaalamu akiwa upande wa pili wa kioo hana la kufanya. Kuhusu gharama ya intaneti, bando lililonitosha kwa nusu saa lilinigharimu pungufu ya nauli ya safari moja ya mjini. Mtandao ulikatika mara mbili katika wiki hizo 12, tukamalizia kwa simu ya kawaida.

Siri ya mgonjwa ni jambo zito zaidi. Kwa zoezi la goti lazima mtaalamu aone paja, na mama wa umri wangu hawezi kupandisha nguo mbele ya simu bila kujua nani mwingine yumo chumbani upande wa pili, wala kama picha inahifadhiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo, na itumike: mgonjwa aulizwe kabla ya chochote kurekodiwa, mtaalamu awe katika chumba kilichofungwa, na simu iwe ya hospitali, isiwe ya mtu binafsi. Suruali fupi ya michezo ya mjukuu ilinitatulia nusu ya shida, na nawashauri wenzangu wajitayarishe hivyo.

Wapo pia ambao video haiwafai kwa wakati fulani, na utaratibu useme hivyo waziwazi. Mtu ambaye goti limekuwa jekundu na la moto huku ana homa, ambaye limekwama ghafla haliendi mbele wala nyuma, ambaye kigimbi kimevimba na kuuma, au ambaye ghafla hawezi kukanyaga, aende hospitalini asingoje simu ya Jumanne. Mwenye historia ya kuanguka mara kwa mara atahitaji miadi mingi ya ana kwa ana kuliko mimi. Anayeamua hayo ni mtaalamu aliyekwisha kumshika mgonjwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza hospitalini.

Sasa niseme kilichonifanya nichukue kalamu. Jirani yangu wa ghorofa ya chini huuza mboga. Huamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Wakulima, na kufikia saa moja asubuhi kibanda chake kiko wazi. Magoti yake yote mawili yanamuuma, na aliponiona nikipanda ngazi mguu kwa mguu aliniuliza nimepata dawa gani. Nikampeleka kwa mtaalamu yuleyule. Alichunguzwa siku moja, kisha akawa anapigiwa video saa nane mchana, wakati ambao wateja huwa wachache, akifanya mazoezi yake nyuma ya kibanda akitumia kreti ya soda iliyowekewa ubao juu kama kiti. Walizungumza mara tatu. Kisha mtaalamu akahamishiwa kituo kingine. Aliyechukua nafasi yake ni mtu mwema, lakini hakukuta agizo lolote, wala ratiba, wala simu ya kazi, kwa maana mambo yote yale yaliyotuponya yalikuwa yakifanywa na kijana mmoja wakati wake wa chakula cha mchana, kwa simu yake na kwa bando lake. Jirani aliambiwa afike mara mbili kwa wiki. Hawezi kukifunga kibanda mara mbili kwa wiki. Amerudi kwenye dawa ya kuchua.

Kazi nzuri isiyokuwa na utaratibu huondoka na mtu aliyeifanya, na hilo ndilo linaloniuma. Kaunti ndiyo yenye mamlaka juu ya hospitali zake chini ya Katiba ya mwaka 2010. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliitambua huduma ya afya kwa njia ya elektroniki, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali. Hakuna sheria inayongojwa. Kinachohitajika ni saa za video ziandikwe katika zamu za wataalamu kama saa nyingine za kazi, kuwe na chumba na simu, na kila mazungumzo yaingizwe katika faili la mgonjwa ili atakayehamishwa aache kazi inayoendelea. Kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, na ambayo wenye mishahara wanaichangia asilimia 2.75 ya mapato yao, ombi langu ni kwamba mpango mzima wa wiki 12 ulipiwe kama tiba moja, miadi ya video na ya hospitalini ikihesabiwa pamoja, ili hospitali isipate hasara kwa kumpigia mgonjwa simu badala ya kumwita.

Ianzie hospitali moja, hata kama ni kwa siku mbili za wiki. Mama Lucy Kibaki ingefaa kwa kuwa iko karibu na mitaa yetu ya mashariki, yenye majengo marefu yasiyo na lifti. Wahesabiwe watu wanaomaliza wiki 12, na wahesabiwe pia wanaoinuka kitini mara ngapi siku ya kwanza na siku ya mwisho. Kiti na saa vinatosha kwa kipimo hicho.

Na kadi ya miadi ichapishwe upya, iwe na safu mbili, moja ya siku za kufika na nyingine ya siku za kupigiwa. Kadi ya jirani yangu ina mhuri mmoja tu, wa siku ile aliyokwenda. Yale mazungumzo matatu ya nyuma ya kibanda hayamo, kwa sababu hakuna mahali pa kuyaandika.

Mwalimu mstaafu,
Kayole, Nairobi